Narudi tupu kutoka Songea mgongo umekufa: shida ni siti, springi au ni mimi?

Songea Kwanza

Wakuu, habari za kutwa.

Mimi ni dereva wa Fuso, nina miaka 38. Napeleka mzigo wa maduka kutoka Dar mpaka Songea: sabuni, mafuta ya kula kwenye madumu, tambi, biskuti, vitu vyote vya dukani unavyovijua. Napakia Vingunguti, natoka mjini saa nne usiku, nashusha Iringa, Mafinga, Makambako na Njombe, namalizia Songea. Kwenda peke yake ni zaidi ya kilomita 900. Kurudi narudi tupu, maana tajiri hataki gari lilale Njombe likisubiri viazi. Anasema viazi vinamchelewesha.

Niko barabarani mwaka wa kumi na mbili, na si mtu wa kulialia. Lakini tangu nikabidhiwe gari hili mwaka jana kuna mambo mawili yananisumbua.

La kwanza ni mgongo. Si mgongo wote, ni hapa chini panapokaa mkanda wa suruali. Kwenda unauma wa kawaida tu, unavumilika. Kurudi ndiyo balaa. Watu wananicheka nikisema gari likiwa na mzigo nakaa vizuri kuliko likiwa tupu, lakini ndivyo ilivyo. Nina chupa yangu ya maji huwa naiweka kwenye dashibodi. Nikienda, maji ndiyo yanacheza ndani ya chupa. Nikirudi, chupa yenyewe inatembea, inakwenda mdogomdogo mpaka inaangukia miguuni kwa utingo. Sasa fikiria mimi niliyekaa hapo saa kumi na sita. Nikifika Dar nashuka kwa awamu: mguu mmoja, nasubiri, halafu wa pili.

La pili ni usingizi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Wiki mbili zilizopita nilikuwa nakwenda, saa kumi na moja alfajiri. Doma naikumbuka vizuri, kulikuwa na semi imeharibika haina pembetatu, nikaikwepa. Baada ya hapo sikumbuki kitu. Kibao cha kuingia mbuga ya Mikumi sikukiona, na ninakijua kama ninavyojua mlango wangu. Kilichonishtua ni rasta, vile vituta vidogovidogo vya barabarani. Stelingi ilitetemeka mikononi nikafumbua macho, na nasema nikafumbua kwa sababu naamini yalikuwa yamefumba. Taa zikamulika nyati wawili pembeni kabisa mwa lami, wanatafuna, wananiangalia. Utingo kalala mdomo wazi. Sikumwamsha. Niliendesha mpaka Mikumi mjini, nikashuka, nikajimwagia maji kichwani, nikakaa kwenye kigoda cha mama wa chai bila kuagiza kitu. Mpaka leo mke wangu hajui.

Siku ile nilikuwa macho tangu saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyotangulia, kwa sababu kupakia nasimamia mwenyewe. Katoni ikipungua nalipa mimi.

Nimejaribu vinywaji vya kuchangamsha, karanga, kufungua dirisha, kuimba. Nimenunua mto wa sponji na mkanda wa kiuno. Mto umeshakuwa chapati.

Maswali yangu: kuna aliyewahi kuitoa siti ya kawaida kwenye Fuso akafunga siti ya upepo, ile inayobebwa na mpira wenye hewa, kama za semi? Inawezekana? Na huu uchovu unatokana na siti, au ni umri tu unapiga hodi? Jamaa mmoja kaniambia ni figo.

---

Tabibu Asilia

Mkuu hizo ni figo na mishipa imelegea, inaendana na kupungua nguvu za kiume. Nina dozi ya siku 14, njoo pembeni tuzungumze.

---

Songea Kwanza

Kaka, figo nimepima, ziko salama. Hayo mengine sikuyauliza.

---

Mzee wa Kasumbalesa

Kijana, pole sana. Mimi nimevuta semi Dar–Lubumbashi miaka 26, sasa nimepumzika Tunduma nafuga kuku. Nitaacha habari ya springi kwa mafundi, mimi nakujibu ya usingizi.

Kwanza, wewe hukusinzia siku ile. Wewe ulilala. Mtu anayesinzia hukumbuka alipokuwa anapambana na usingizi. Ukifika mahali hukumbuki kibao unachokijua, ujue gari limekwenda peke yake. Kwa mwendo wa 80 gari linakata mita 22 kila sekunde, sekunde nne tu ni karibu urefu wa uwanja wa mpira. Na mbugani usiku mwisho ni 50. Sitakuuliza ulikuwa ngapi.

Pili, saa. Mwili una saa zake mbili mbaya. Ya kwanza ni kuanzia saa nane usiku mpaka kumi na mbili alfajiri, ya pili ni saa nane mpaka saa kumi mchana, hasa ukishakula ugali wa Ruaha Mbuyuni na jua la bonde la mibuyu linakupiga usoni. Wewe umepanga safari yako ipite katikati ya saa mbaya kuliko zote, tena ukiwa umeshakesha kupakia. Mtu aliyekaa macho saa 17 hivi anakuwa mzito kama aliyekunywa pombe. Wewe ulikuwa na saa 23. Trafiki angekupuliza kwenye kile kimashine ungetoka msafi, na bado ungekuwa hufai kushika stelingi.

Dirisha, karanga, kuimba, hayo yote nimeyafanya. Nimewahi kujipaka limau kwenye kope pale Mpika, Zambia, nikaendesha kilomita ishirini nikilia machozi, halafu nikalala vilevile na limau langu. Kilichonisaidia nilikipata nikiwa nimeshazeeka. Ukiona dalili, egesha mahali penye watu. Kunywa kikombe cha kahawa nzito harakaharaka, halafu lala hapohapo dakika 20. Kahawa inachukua kama nusu saa kufika kichwani, kwa hiyo inakukuta unaamka. Usizidishe. Ukilala saa nzima utaamka mlevi, hujui gia iko wapi. Utingo ndiye ashike saa, na mwambie asikuonee huruma.

Dalili zangu mimi zilikuwa tatu. Naingiza gia naikosa. Naangalia kioo cha pembeni, dakika hiyohiyo nimesahau nilichokiona. Na ya tatu, naanza kugombana na utingo bila sababu. Nikishamfokea kijana kwa ajili ya kutafuna tu, najua muda wa kuegesha umefika.

Kuhusu siti ya upepo, ni nzuri. Nilipokabidhiwa gari la kwanza lenye siti hiyo na springi za upepo nyuma nilidhani nimeingia ndege. Lakini wengi hawajui kuitumia. Kulikuwa na mwenzetu mfupi, anapenda kuona mbali, anaijaza upepo mpaka mwisho. Siti ikifika juu kabisa haina pa kwenda, kila shimo inagonga. Akawa analalamika kuliko sisi wa sponji. Inatakiwa ikae katikati, iwe na nafasi ya kupanda na ya kushuka.

---

Songea Kwanza

Shikamoo mzee. Hiyo ya kumfokea utingo kwa kutafuna umeniona live. Juzi nilimfokea kwa sababu ya ganda la chungwa.

---

Mzee wa Kasumbalesa

Marahaba. Mwombe radhi, ndiye atakayekuamsha.

---

Fundi Pleti

Mkuu Songea, kabla hujafikiria siti nenda nyuma ya gari, lala chini, hesabu pleti za springi, yale mabapa ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Halafu nenda mbele uhesabu tena. Naomba jibu hilo kwanza, lakini naandika kabisa maana nahisi nalijua.

Hilo gari limebebeshwa pleti. Matajiri wengi wakinunua Fuso, kitu cha kwanza ni kulipeleka kwa fundi waongezewe pleti ili lisilale likipakia. Mimi mwenyewe nimeongezea watu pleti mpaka nikachoka, ni hela yangu ya kula, sijifichi. Shida ni kwamba springi iliyotengenezewa kubeba tani nyingi inahitaji tani hizo ndipo ijipinde. Gari likiwa na mzigo, zinajipinda kidogo, unaona liko sawa. Likiwa tupu hazijipindi kabisa, ni sawa na kukaa juu ya reli. Kila kinachotoka barabarani kinapanda chesi, kinapanda kabini, kinakuja kwenye kiuno chako. Na wewe kwenye Fuso umekaa juu ya ekseli ya mbele, si nyuma yake. Tairi la mbele likipanda tuta, na wewe unapanda nalo wakati uleule. Ndiyo maana chupa yako inatembea ukirudi.

Na hizo pleti hazimpi tajiri kilo hata moja ya ziada. Tangu 2019 tunatumia sheria ya uzito ya Afrika Mashariki. Ekseli moja yenye tairi nne mwisho ni tani 10. Pale Vigwaza au Wenda mizani haiulizi una pleti ngapi, inasoma kilichokanyaga.

Upepo wa matairi. Vijana wa upepo wanajaza mpaka tairi ukiligonga linalia kama ngoma, eti ndiyo uimara. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, jaza kinachotakiwa kwa tairi hilo na mzigo huo, usizidishe. Ila sikwambii utoe upepo ukirudi tupu halafu usahau kurudisha ukipakia. Tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito linapata moto, likipasuka kwenye kona za mlima Kitonga hutapata nafasi ya kujuta.

Shokapu. Endesha nusu saa barabara mbovu, simama, shika shokapu moja moja kwa mkono. Inayofanya kazi itakuwa na joto. Ya baridi imekufa, iko pale kama pambo. Angalia na zile mpira zinazobeba kabini, zikiisha kabini inakaa chuma kwa chuma. Vitu hivi ni rahisi kuliko siti, na vikiwa vibovu hata ukifunga siti ya mfalme haitakusaidia.

Siti ya upepo kwenye Fuso inaingia. Nimefunga kadhaa, unatengeneza kitako cha chini na kutoboa upya. Gari lina breki za upepo kwa hiyo upepo upo. Lakini narudia, *usikubali fundi akuungie bomba la siti moja kwa moja kwenye tenki la breki*. Lazima kuwe na vali ya kinga inayofunga upepo ukishuka, ili siti ikipasuka isikumalizie breki. Nimeliona gari limeungwa na mpira wa maji wa bustani na kibanio. Dereva alikuwa anaringa.

---

Songea Kwanza

Fundi, nimetoka chini ya gari sasa hivi, nimejaa grisi mpaka masikioni. Nyuma zimeongezwa tatu kila upande, zinajulikana kwa sababu ni za gari jingine, zimeliwa kutu tofauti. Mbele imeongezwa moja moja. Sikuwahi kujua, gari nilikabidhiwa likiwa hivyo. Shokapu za mbele, ya kulia ni ya moto, ya kushoto baridi kama chuma cha mlango.

---

Fundi Pleti

Umeona sasa. Pleti ya mbele ndiyo inayokuua. Anza na hiyo, na shokapu ununue jozi, usibadili moja.

---

Mama Viungo

Nimeusoma uzi wote. Nafanya kazi ya fiziotherapia Mbeya, na madereva wa barabara hii ni wagonjwa wangu wa kila wiki, kwa hiyo naomba niingie.

Nianze na la kuogopa. Ukipata ganzi katikati ya mapaja, ukashindwa kuzuia mkojo au haja kubwa, au mguu ukalegea ghafla, usisubiri kumaliza kushusha. Ni hospitali siku hiyohiyo. Kama ni maumivu tu ya kiuno yanayopungua ukipumzika, hapo tuna nafasi ya kufanya kazi.

Kaka Songea, umeuliza kama uchovu na siti vinahusiana. Vinahusiana sana. Mwili wa mtu aliyekaa unasumbuliwa zaidi na mtikisiko wa juu-chini wa mara 4 hadi 8 kwa sekunde, hapo ndipo kiwiliwili kinapocheza pamoja na siti badala ya kuuzima mtikisiko. Misuli ya mgongo inajikaza na kulegea, inajikaza na kulegea, kukushikilia usianguke, na wewe hujui kama unafanya kazi. Ukifika unasema nilikuwa nimekaa tu, mbona nimechoka kama niliyelima?

Na mtikisiko huo unaleta usingizi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT, Melbourne, waliwakalisha watu 15 kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, siti ikitetemeshwa mara 4 hadi 7 kwa sekunde. Ndani ya dakika 15 dalili za usingizi zikaanza kuonekana, na watu wenyewe walikuwa wamelala usiku wao vizuri. Sisi wamama hatukuhitaji mtambo, mtoto tunamlaza kwa kumtikisa. Tofauti ni kwamba mtoto hajashika stelingi.

Sasa ya kufanya. Ukishuka kwenye gari baada ya saa tano za kukaa, usishike katoni papo hapo. Tembea kidogo, kama dakika tano au zaidi, nenda msalani, zunguka gari ukaguse matairi. Pingili zinakuwa zimechoka na kubanwa, ukiinama na kuinua wakati huo ndipo wengi wanapoumia. Wagonjwa wangu wengi hawakuumia wakiendesha, waliumia wakipokezana katoni ya kwanza.

Usiruke kutoka kabini. Shuka ukiangalia gari, mikono miwili na mguu mmoja au miguu miwili na mkono mmoja viwe vimeshika muda wote.

Toa pochi kwenye mfuko wa nyuma. Najua mnabeba hela ya mafuta humo, lakini unakalia upande mmoja saa kumi na sita.

Sogeza siti mpaka uweze kukanyaga klachi mpaka chini mgongo ukiwa bado umegusa egemeo. Madereva wengi wanakaa mbali, kila wakikanyaga klachi kiuno kinateleza mbele. Kwenye kona za Kitonga unaikanyaga mara ngapi? Mkanda wa kiuno vaa wakati wa kushusha mzigo ukitaka, usiuvae safari nzima ukawa ndio mgongo wako.

---

Bahasha Leeds

Salamu kutoka Uingereza. Nimekulia Makambako, nimeendesha Canter za mbao huko kabla ya kuja, sasa huku napeleka mzigo wa maduka makubwa usiku. Nataka kuchangia dogo.

Huku ndani ya gari kuna mashine inaitwa takografu, unaingiza kadi yako, inaandika kila dakika. Ukiendesha saa nne na nusu, lazima dakika 45 za kupumzika. Kwa siku ni saa tisa, mara mbili kwa wiki unaruhusiwa kumi. Mapumziko ya usiku saa 11. Mwanzo niliichukia. Nilikuwa nimebakiza kilomita thelathini kufika nikalazimika kuegesha, nikakaa natukana kwa Kibena peke yangu. Sasa naiona ni rafiki, kwa sababu bosi akipiga simu siwezi kumwambia nitajitahidi. Mashine ndiyo inamkatalia, si mimi.

Lakini msidhani huku ni peponi. Siti ni ya upepo, kabini inaelea, springi za upepo, na bado ifikapo saa kumi alfajiri macho yanawaka moto. Siti inaondoa uchovu wa mgongo, usingizi hauondoi.

Na Tanzania sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri asimfanyishe mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, na ukifanya saa tano mfululizo una haki ya saa nzima ya mapumziko. Na kati ya siku moja ya kazi na nyingine saa 12 za kupumzika. Songea, ile siku yako ya saa 23 hesabu kuanzia ulipoanza kupakia.

---

Mzee wa Kasumbalesa

Naijua sheria hiyo. Ila kwetu dereva analipwa mileji, yaani posho, kwa safari. Ukilala, mileji nayo inalala. Mwambie huyo kijana wa Leeds kama takografu inalipa mileji aniletee mbili.

---

Songea Kwanza

Wakuu, ni wiki ya sita tangu nilipoandika. Narudi na majibu kwa sababu mlinisaidia na sipendi mtu anayeuliza akapotea.

Nilikwenda kwa tajiri na habari ya mgongo. Akanisikiliza, akaniambia hata yeye mgongo unamuuma. Nikamwambia habari ya Mikumi, ile yenyewe, mara ya kwanza naitamka kwa sauti. Akanyamaza, akasema niwe nakunywa kahawa. Nikaona hapa sina pa kupita.

Halafu nikakumbuka biskuti. Kila duka linarudisha katoni zilizopondeka na madumu yaliyovuja, na nina daftari naandika kwa sababu tajiri ananikata. Nikakaa usiku mmoja na daftari. Safari tatu za mwisho: Iringa katoni 1, 0, 2. Mafinga na Makambako karibu hakuna. Njombe 3, 2, 4. Songea 8, 6, 9. Miaka yote nilidhani watu wa Songea ni wajanja, wanaponda wenyewe warudishiwe hela. Kumbe nikitoka Njombe gari limeshabaki jepesi, na mzigo wa Songea unakwenda zaidi ya kilomita 200 ukirukaruka kama mimi ninavyoruka nikirudi. Fundi Pleti, maneno yako ya reli ndiyo yaliyonifumbua.

Nilimpelekea tajiri daftari. Hakuniambia kitu. Kesho yake ananipigia simu: peleka gari kwa fundi, toa hizo pleti za mbele na mbili za nyuma, nunua shokapu jozi. Mgongo wangu haukumwingia, biskuti zimemwingia. Sawa tu.

Safari mbili tangu hapo: Songea katoni 2, halafu 3. Chupa ya maji bado inacheza nikirudi, lakini haianguki. Mgongo haujapona, nisiwadanganye, ila nashuka kwenye gari kama mtu. Pochi nimeihamishia mfuko wa mbele. Ile ya Mama Viungo ya kuzunguka gari kabla ya kushika katoni imenifanya wenye maduka waseme nimekuwa na maringo.

Ratiba tumepata nusu. Kupakia sasa anasimamia karani wa stoo na utingo, wanasaini karatasi, mimi nalala nyumbani. Natoka saa kumi na moja alfajiri badala ya saa nne usiku, Iringa nashusha jioni, nalala hapo. Wenye maduka wa Iringa walinuna wiki ya kwanza. Mikumi napita kumekucha, nimeona twiga ambao sijawaona miaka kumi na miwili. Lakini kurudi tajiri bado anataka nitoke Songea nikishamaliza kushusha nije moja kwa moja. Hapo nimemwambia nitalala Makambako atake asitake, na mpaka sasa hajajibu. Utingo nimempa saa yangu ya mkononi. Dakika 20 zikiisha anapiga mlango kwa ngumi, hana huruma kabisa.

Siti bado. Nimeiona moja mtaa wa Gerezani, Dar, imetolewa kwenye semi, wanataka 650,000. Mwenye duka anasema haivuji, lakini hana upepo pale wa kunionyesha. Fundi, nitajuaje?

---

Fundi Pleti

Mwambie akuachie uipeleke kwa mtu wa upepo wa matairi jirani, uache kitambulisho. Ijaze ifike katikati, paka povu la sabuni kwenye mpira wote na kwenye maungio, hasa pale chini unapokunjika, ndipo panapochanika. Povu likitoa mapovu mapya, rudisha. Lisipotoa, kaa juu yake, agiza chai na chapati. Ukimaliza chai bado uko palepale ulipokaa, toa 450 uanze kubishana.

---

Songea Kwanza

Naenda Jumamosi. Chai nitaagiza mbili.